Kazi ya kukagua magari Arusha: nilivyoianza, na namna unavyoweza kuianza

Mwezi huu vijana watatu wamenifuata gereji, huku Unga Limited, wote na swali moja: "Dada, mimi napenda magari kupita kiasi, nifanye kazi gani?" Mmoja wao anaitambua Land Cruiser kwa mlio kabla haijakata kona. Nilimwamini, maana nami nilikuwa hivyo hivyo. Baba alikuwa dereva wa Fuso, na Jumapili akilaza lori nje ya nyumba yetu Ngarenaro, mimi ndiye niliyemshikia tochi mpaka mkono unakufa ganzi.

Sasa nina miaka kumi na moja kwenye kazi moja: nakagua magari. Alfajiri nakagua ya safari kabla hayajaondoka kwenda Ngorongoro na Serengeti, mchana nakagua ya watu wanaotaka kununua. Mteja hanilipi kwa sababu napenda magari. Ananilipa nimwambie ukweli wa gari lake kabla gari lenyewe halijamwambia porini. Kwa hiyo nawaandikia wale vijana watatu, na wenzao ambao hawajafika getini kwangu.

Kwanza njia nyingine, kwa sababu huenda kukagua si kwako. Mji wetu una kazi za magari ambazo miji mingi haina, na chanzo ni utalii. Magari mengi ya safari hayaji yakiwa tayari. Land Cruiser inakatwa chesesi, inarefushwa, inaongezewa safu ya viti, kisha paa linafanywa la kunyanyuka ili mgeni asimame amwone tembo vizuri. Kila hatua hapo ina mtu wake: mchomeleaji, fundi bodi, fundi rangi, fundi umeme anayepitisha waya za friji na za kuchajia kamera, fundi viti na cherehani yake. Kama una jicho la mstari ulionyooka na mkono usiotetemeka, nenda kwenye kuchomelea. Mchomeleaji wa chesesi anayeaminika hapa mjini hakai kijiweni.

Mwenye kumbukumbu ya namba aende duka la spea. Mteja anaingia, anasema, "Nipe bushi za springi za mbele, Land Cruiser pikapu." Muuzaji wa kweli hanyanyuki kwenye stuli kabla ya kuuliza, "Ni 75 au 79?" Anajua kwamba toleo la 75 lina springi za majani mbele, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na la 79, lililoanza 1999, lina koili. Muuzaji asiyejua atamfungisha mtu safari ya bure kutoka Makuyuni.

Udereva wa safari nauheshimu sana, ila usidanganyike kwamba ni kazi ya magari peke yake. Leseni daraja D haikuruhusu kubeba abiria wa kulipa, unahitaji daraja C, na juu ya hapo ujue ndege, miti, wanyama na lugha za watu. Udalali sikushauri. Unalipwa gari likiuzwa, liwe zima liwe bovu, na mtu anayependa magari ataumia moyo kila wiki.

Chagua kipande kimoja

Kosa nililoanza nalo, na naliona kwa kila kijana, ni kukimbilia injini. Injini ina sauti na sifa. Lakini 1HZ, ile dizeli ya silinda 6 na lita 4.2 isiyo na tabo, iliyo kwenye magari mengi ya safari hapa, ukiipa oili na filta kwa wakati na ukabadilisha mkanda wa taimingi kabla haujakatika, inakuvumilia miaka. Mkanda huo mimi nauondoa kila kilomita 100,000 bila mjadala, kwa sababu ukikatika valvu zinagongana na pistoni, na hapo unajenga injini upya.

Kinachoteseka huku kwetu ni chini ya gari. Piga hesabu: abiria sita au saba, dereva, friji, katoni za maji, mabegi, tairi mbili za akiba, vyote juu ya chesesi iliyorefushwa. Halafu ukishavuka Loduare, geti la kuingilia Ngorongoro, ukateremka upande wa Serengeti, ni rafu rodi, vumbi, na yale mawimbi madogo ya barabara yanayolitikisa gari masaa kwa masaa. Mzee aliyenifundisha kazi aliniambia siku ya pili, "Mwanangu, acha boneti. Lala chini." Nikashika springi za nyuma, na kwa mwaka mzima sikugusa kitu kingine. Leo nikiitwa mahali, naitwa kwa sababu ya ule mwaka.

Springi inakaguliwa hivi. Gari lisimame mahali tambarare. Rudi nyuma hatua tano, chuchumaa, tazama kama limelalia upande. Chukua utepe, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa mudigadi, kushoto na kulia, andika namba zote mbili na tarehe. Mimi tofauti ikizidi sentimita 2 sisimami mpaka nijue sababu.

Kisha ingia chini na tochi na brashi ya waya. Sugua vumbi kwenye majani ya springi, moja baada ya jingine, kuanzia kwenye jicho panapoingia bushi hadi katikati. Ufa mchanga hauonekani kama ufa, unaonekana kama unywele mweusi wenye kutu. Pitisha ukucha polepole. Ukucha ukikwama, umeupata. Halafu gonga kila jani kwa nyundo ndogo. Jani zima linalia, lenye ufa au lililolegea linajibu kama ubao. Usikurupuke kuamini sikio lako mwezi wa kwanza. Gonga springi mpya dukani, gonga iliyokufa kwenye rundo la vyuma chakavu, rudia mpaka sauti hizo mbili zikae kichwani.

Baada ya hapo nenda kwenye yubolti, zile zinazoibana springi kwenye ekseli. Hapa tafuta unga mwekundu. Chuma kikisuguana na chuma kinatoa unga laini, rangi ya tofali la kuchoma, na unajikusanya kando ya bamba. Ukiuona, springi inacheza ndani ya kibano chake, hata kama nati kwa macho imekaza. Katikati ya springi kuna senta bolti, inayoshika majani pamoja, na kichwa chake kinakaa kwenye tundu la ekseli. Yubolti zikilegea, mzigo wote wa kuizuia ekseli unaangukia bolti hiyo moja, nyembamba kuliko kidole chako kidogo. Ikikatika, ekseli inahama na gari linatembea upande kama kaa.

Hili nililijua kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili, mwezi wa saba, msimu umechemka, nilifunga springi mpya kwenye Land Cruiser ya kampuni moja ndogo. Nilikaza yubolti kwa nguvu zangu zote, gari likaondoka alfajiri. Springi mpya hujilaza ikipata mzigo: majani yanakaa mahali pake, rangi iliyo katikati inasagika, na yubolti iliyokuwa imekaza jana inapata nafasi. Nilipaswa kumwambia dereva azikaze tena akifika Karatu. Sikumwambia. Senta bolti ilikatikia kwenye tambarare ukishapita Olduvai, saa nane mchana, wageni sita ndani. Dereva, kaka mmoja mtulivu, aliirudisha ekseli kwa jeki, akaifunga kwa mnyororo, akatembea kwa mwendo wa miguu hadi Naabi, geti la Serengeti. Hakuna aliyeumia. Kampuni ile haikuniita tena mwaka mzima, na sikuwa na neno la kujitetea.

Tangu siku hiyo springi mpya haitoki kwangu bila spana yake. Namwekea dereva spana inayoingia kwenye nati zile ndani ya deshibodi, na kikaratasi kimeandikwa: kaza Karatu, kaza tena ukilala. Saa sita mchana nampigia. "Kaka, umekaza?" Asiponijibu vizuri namwomba asimame tukiwa bado tunaongea. Wewe fanya hivyo tangu gari lako la kwanza.

Kuna jambo jingine la yule mzee ambalo vijana hawalijui. Gari likirudi kutoka rafu rodi, kabla halijapoa, gusa shokapu zote nne kwa mgongo wa mkono, kwa haraka, usije ukaungua. Shokapu inayofanya kazi inageuza mtikisiko kuwa joto, hivyo nzima ni ya moto. Ya baridi ndiyo iliyokufa. Hili halihitaji kifaa chochote, linahitaji uwe pale getini jioni gari linapoingia, wakati wenzako wamekwisha nawa mikono.

Gari la mtu anayenunua

Huku utakutana na IST, Noah, Rav4, Harrier, na mwalimu au muuguzi aliyeweka akiba miaka mitano. Nawaambieni ukweli, kazi hii inanipa presha kuliko magari ya safari. Kampuni ikipata hasara ina gari jingine. Yule mwalimu hana.

Sharti la kwanza: injini iwe baridi. Nafika saa moja asubuhi, na kabla ya salamu ndefu naweka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaliwasha, na namwambia kwa heshima kwamba nitarudi kesho. Injini iliyopashwa inaficha kuwaka kwa shida, inaficha kugongagonga kwa sekunde za mwanzo, inaficha moshi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanaingia ndani. Mweusi ni mafuta yanazidi. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana, na hapo mimi huwa nafunga boneti.

Umri wa gari usiuamini kutoka kwenye namba. "Dada, namba E hii, mpya kabisa!" Ndivyo utakavyoambiwa. Herufi inakuonyesha gari liliandikishwa lini hapa Tanzania, haikuonyeshi lilitengenezwa lini Japani. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, mara nyingi chini kabisa kuna lebo yenye mwaka. Soma tairi: tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tazama raba ya pedali ya breki. Kama saa ya gari inasema kilomita 60,000 na raba imelika mpaka chuma kinachungulia, mmoja kati yao anadanganya, na raba haijawahi kunidanganya. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini itakuonyesha panapofichwa pati ya kuzibia mibonyeo chini ya rangi, kwa sababu hapo haishiki.

Mwisho linganisha namba ya chesesi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, kwa kidole. Usimwachie mtu akusomee.

Daftari, maneno na fedha

Mkaguzi ni daftari lake. La kwangu lina ukurasa kwa kila gari, na uamuzi wangu una maneno matatu tu: litoke, litoke kwa sharti, lisitoke. Chini yake naandika nilichokiona, siandiki hisia. Usiandike "gari bovu". Andika: "Shokapu ya nyuma kulia, mafuta yameshuka hadi kwenye bushi. Zibadilishwe mbili za nyuma kabla ya safari." Mwenye gari akikasirika, anakasirikia mafuta, hakukasirikii wewe. Na mwaka ujao gari lile lile likirudi, unafungua ukurasa wake na unajua springi imelala kiasi gani. Hiyo ndiyo mali ambayo fundi wa jirani hawezi kuinunua.

Nilianza kwa shilingi 15,000 kwa gari. Leo kumkagulia mnunuzi hapa mjini natoza 60,000, na nikienda Moshi au Karatu anaongeza nauli. Weka bei yako, ila ushike hili: malipo kabla ya majibu. Ukimwambia mtu kwamba gari alilolipenda ni bovu halafu ndiyo umdai, utamwona anatafuta simu mfukoni huku anasogea mlangoni. Wala si kwa roho mbaya, amevunjika moyo tu.

Na usile pande mbili. Muuzaji atakuita pembeni, atakutia kitu mfukoni "ya soda". Dalali atakuahidi asilimia. Mwenye duka la spea atakwambia umpelekee wateja akukatie chako. Ukipokea mara moja, kazi imekwisha, hata kama hakuna aliyeona, kwa sababu siku hiyo utaandika "litoke" mkono ukiwa mzito, na utajua wewe mwenyewe. Mimi napeleka wateja duka la spea ninaloliamini na sichukui hata nauli. Wenye maduka walikasirika mwaka wa kwanza. Sasa ndio wanaonitumia wanunuzi.

Karatasi zipate mapema. TIN ya TRA haitozwi pesa. Leseni ya biashara utaichukua halmashauri. Fundi wengi wanaliona hili kama usumbufu, wanabaki kukagua gari la jirani milele, kwa kuwa kampuni ya utalii haiwezi kukulipa mwezi kwa mwezi bila risiti.

Vifaa si vingi. Kwa Toyota utaishi na spana namba 10, 12, 14, 17 na 19. Ongeza tochi nzuri, brashi ya waya, nyundo ndogo, utepe, sumaku, geji ya upepo wa tairi, na mkeka wa kulalia. Nunua spana tano imara kuliko boksi zima la spana laini. Na kama una mapenzi na Land Rover, nunua pia seti ya inchi, kwa sababu Land Rover za zamani zina bolti za vipimo hivyo, na spana ya milimita ikilazimishwa inakula kona za nati. Usiikimbie Land Rover kwa kuambiwa imepitwa. Defender ya zamani ilikoma kutengenezwa Solihull, Uingereza, Januari 2016, lakini Oktoba 2024 zilipokusanyika hapa Arusha nilisimama barabarani nikaziona zikipita kwa mamia, za kila umri. Zote zile zinahitaji mtu anayezijua, na wazee wanaozijua wanapungua.

Shule? Nenda. Nilisoma ufundi magari VETA, na kuna Chuo cha Ufundi Arusha kwa anayetaka kufika mbali zaidi. Cheti kinakufungulia geti la kampuni. Ila usisubiri cheti ndipo ulale chini ya gari. Fanya vyote kwa pamoja, ukiweza jioni na likizo.

Muda mzuri wa kuanza ni mwishoni mwa Machi. Aprili na Mei mvua ni kubwa, wageni wanapungua, na magari ya safari yanarudi kufunguliwa yote: springi, bushi, shokapu, beringi, breki. Kila gereji ya mji huu inahitaji mikono kwa wiki nane kabla msimu wa Juni haujafungua. Fika saa moja kasoro asubuhi, na ovaroli safi, tochi, brashi ya waya na daftari. Msalimie fundi mkuu, shikamoo kwanza, halafu omba kazi ya kuosha chesesi. Wengi wanaikataa, kwa hiyo utapewa siku hiyo hiyo, pamoja na chakula cha mchana na nauli. Osha taratibu, kuanzia nyuma, matope ya Ndutu yakitoka tazama kila jani la springi kabla halijakauka, na ukiona unywele mweusi mwite fundi aje auone.